Kulia, Kuria

"Weka hiyo kitu chini!"

"Baba, si unisikize kwanza..."

"Nimesema weka chini! Miaka kumi na mbili nakupeleka shule, unamaliza Form Four, ndevu zimeanza kumea, halafu nakuja kukupata umekaa na watoto wa gredi ya tano mnacheza na gari ya tairi tatu!"

"Ni mbili, guka," akasema Wanjugu, akimwita babu kwa Kiembu, msichana wa miaka kumi aliyekaa meza ya karibu. "Ile ya mbele ni ya kujishikilia tu, haina mota."

"Na wewe nani amekuuliza?"

"Hakuna," akasema Wanjugu, lakini macho hakuyatoa.

Mzee Hezekiah alikuwa amesimama katikati ya darasa na gumbuti zake, udongo mwekundu wa kwao Kairuri umemfika magotini, gunia tupu limekunjwa chini ya kwapa. Watoto kumi na tano walikuwa wamemgeukia, kila mtu ameshika waya wake hewani. Mwanawe Rwamba alikuwa amepiga magoti chini, gari mkononi, na kile kigari kilikuwa bado kinapepesa taa yake nyekundu kana kwamba nacho kinangoja kuambiwa kama kitapigwa.

"Si kucheza, baba. Ni roboti."

"Hiyo roboti itachuma kahawa?"

"Bado."

"Bado! Haya basi, twende penye kazi haisemi bado. Simama."

"Siendi."

"Ati?"

"Baba, nikitoka leo sirudi. Kuna watu wanangoja hii kiti."

Na hapo hakuwa anadanganya. Haya masomo ya likizo ya Desemba yalikuwa ya wiki mbili, kwa wale hawajui kitu kabisa, katika chumba cha kukodi pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, juu ya duka la mbolea. Kathambi, mwalimu, dada mmoja mrefu wa kutoka Nkubu, alikuwa na sheria moja tu: ukikosa siku moja, kiti chako kinapewa mwingine. Na wanne watakaofanya vizuri mpaka mwisho, Januari anaenda nao Nkubu, kwa kibanda chake cha kazi, wakamsaidie kutengeneza mashine za kumwagilia maji na za kuangulia vifaranga. Rwamba alitaka hiyo Nkubu vile mtu mwenye kiu anataka maji. Hakuwa amemwambia baba yake. Alikuwa amesema tu anaenda "mambo ya kompyuta," na mzee akaona kichwani mwake kijana ameketi kwa ofisi na shati nyeupe akipiga taipu. Mpaka jana, kwa foleni ya kahawa kule fakitori, jirani wao Antony akamwambia mbele ya watu, "Kijana wako nilimwona Dallas, anatambaa chini akifuata kigari kama mtoto wa chekechea." Watu wakacheka. Mzee hakulala vizuri. Na kahawa yenyewe ilikuwa imeiva mpaka inaanguka chini ya miti, na mikono ni miwili ya mzee na miwili ya mama.

Sasa Rwamba angemweleza vipi? Angeanzia wapi?

Angeanza na ile siku ya kwanza labda. Kathambi aliwapa bodi ndogo kama biskuti, na taa ndogo kama punje ya mtama, akasema andika hii mstari moja. Rwamba akaandika na kidole kimoja. Akabonyeza. Ile taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Basi. Hakuna kingine ilifanya. Lakini Rwamba alikaa hapo amekodoa macho mpaka saa ya chakula ikapita. Maisha yake yote yeye ndiye alikuwa akiambiwa: kaa, simama, leta maji, fagia, rudia hiyo hesabu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kitu duniani kufanya chenye yeye amesema, na kikafanya vile vile hasa alisema, bila kununa. Akabadilisha namba moja, taa ikaanza kupiga pole pole. Akabadilisha tena, ikapiga kama moyo wa mtu. Akaweka mkono kwa kifua chake, akapima, mpaka taa na moyo vikaenda pamoja.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi, yaani ilikuwa nzuri mpaka ikatisha. Wakafungia gari macho mawili ya bati. "Haya si macho," Kathambi akasema. "Moja ni mdomo, moja ni sikio. Hii inapiga kelele ambayo wewe huwezi kusikia, kelele inagonga kitu inarudi, na hii ingine inahesabu imechukua muda gani." Rwamba akaweka mkono mbele yake. Kwa skrini zikatokea namba. Thelathini. Akasogeza mkono. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Akavuta nyuma, namba zikapanda. Kitu hakina macho, hakina ngozi, na kinajua mkono wako uko wapi. Akaangalia kile chumba, kuta zimechubuka, dirisha, watoto wanapigania chaja, na akajua kumbe kimejaa sauti inayokimbia huku na kule, na hakuna mtu hata mmoja anaisikia. Alienda nyumbani siku hiyo akiangalia popo za kwa mwembe wa jirani kwa heshima, kwa sababu Kathambi alisema hata hao wanatumia ujanja huo huo.

Na siku ya tatu, maneno.

Hapo ndipo aibu iliingia. Gari iliunganishwa na simu bila waya. Unaongea, simu inaandika chenye imesikia, inalituma hilo neno kwa gari, na gari inaangalia kama iko nalo kwa orodha yake. "Mashine haina akili ya kukucheka wala kukuhurumia," Kathambi alikuwa amewaambia. "Iko na orodha tu. Neno likikosa kwa orodha, kwake hilo neno halipo duniani." Basi kila kikundi kikaandika orodha. Rwamba alikuwa na Saad, kijana wa rika lake, baba yake ana bucha hapo Embu tauni, na kwao wamezaliwa wakiongea Kiswahili nyumbani. Rwamba akaandika: mbele, simama, kushoto, kuria.

Saad akasoma. Akaanza kutetemeka mabega.

"Nini?" Rwamba akauliza.

"Buda, umeiambia ikule!"

"Ikule aje?"

"Kuria! Si kwa Kiembu chenu hiyo ni kukula? Sasa hii gari iko hapa inangoja nyama! Wee Wanjugu, kuja uone, huyu amepikia roboti!"

Darasa nzima ikaanguka kwa kicheko. Saad si mtu mbaya, hata alimpiga Rwamba begani akicheka, lakini Rwamba masikio yalimchoma mpaka jioni. Hiyo herufi ilikuwa inamfuata tangu darasa la tatu, mwalimu akimsimamisha mbele aseme "lala, lima, leta," na yeye akitoa "rara, rima, reta," na watoto wakigonga madawati. Alifuta lile neno haraka sana. Akaandika kulia, na L ya nguvu. Na tangu siku hiyo, kila akiongea na gari, alikuwa anainua ulimi juu kabisa, "kulllia," kama mtu anasoma taarifa ya habari.

Sasa mzee alikuwa amesimama hapo na gunia, na mwana amekataa kusimama, na watoto wanaangalia mmoja halafu mwingine kama wako kwa mpira.

Kathambi alikuwa ameshika chuma ya kuchomelea waya. Akaiweka chini polepole, akafuta mikono kwa jinzi.

"Muga, baba," akasema.

Mzee akageuka. Hakutegemea kusalimiwa. "Muga," akajibu, kwa sababu salamu ni salamu. "Wewe ni wa Meru?"

"Wa Nkubu."

"Na wewe ndio mwalimu wa hii mambo?"

"Ni mimi. Na sikuzuii umchukue, ni kijana wako. Lakini umetoka Kairuri yote hiyo mpaka hapa, usirudi kabla hujaona. Dakika moja tu."

"Nione nini?"

"Ongea nayo."

"Na nani?"

"Na gari."

"Mimi si mwendawazimu."

"Hata mama yangu alisema hivyo hivyo," akasema Kathambi. "Siku hizi ananinyang'anya."

Watoto wakacheka kidogo. Mzee akaangalia mlango, akaangalia kijana wake, akaona vile macho yote yako kwake. Akasema dakika moja na si mbili. Rwamba akaweka gari chini. Saad akaja na simu, akaiinua karibu na mdomo wa mzee vile watu wa redio hufanya.

"Sema mbele, mzee. Kwa sauti ya kawaida."

Mzee akakohoa. Akasimama wima kama mtu ameitwa kuomba kwa matanga.

"Mbere."

Ile simu hukisia maneno mengi, na hapo ikakisia vizuri, ikaandika mbele. Gari ikaruka ikaenda. Mzee naye akaruka, lakini nyuma.

"Ui! Nani ameisukuma?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi niko huku!"

"Mwambie simama, mzee, itagonga ukuta!"

"Simama!" akapiga kelele mzee, na gari ikasimama hapo hapo.

Mzee akaenda akainama, gumbuti zikilia. Akapitisha mkono juu ya gari, halafu pembeni, halafu nyuma, vidole vimefunguka, pole pole.

"Kamba iko wapi?"

"Hakuna kamba."

"Kuna kitu hapa katikati. Lazima."

"Ni sauti yako tu," akasema Rwamba. Hajawahi kuona uso wa baba yake namna hiyo. Ulikuwa uso wa mtu mdogo.

"Ng'ombe yangu nimeongea naye miaka saba," mzee akasema, "na bado lazima nichukue fimbo." Akainuka. Gunia alikuwa ameliweka chini bila kujua. "Inaweza kugeuka?"

"Sema upande."

"Kushoto."

Gari ikageuka kushoto. Mzee akatoa hewa yote. Sasa alikuwa amenogewa, unaona kabisa, hata miguu ameipanua kidogo.

"Haya. Kuria."

Gari ikakaa.

"Kuria."

Ikakaa. Taa inapepesa tu.

"KURIA!" mzee akaita, vile unaita mtu ng'ambo ya bonde, na kijana mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia. "Guka anataka ikule!" Darasa ikapasuka. Wanjugu akafunika mdomo na mikono miwili. Saad akang'ata midomo, akaangalia dari, lakini mabega yalikuwa yanamsaliti.

Mzee peke yake hakucheka. "Kwani imesema nini?"

"Haijasema kitu, mzee," akasema Saad. "Ni vile haielewi. Sema kulia. Na L."

"Si ndio nimesema? Kuria."

Wakacheka tena. Na Rwamba akaona uso wa baba yake ukifungwa, vile duka hufungwa, ubao mmoja mmoja. Mzee akainama akaokota gunia, akalikunja upya kwa utaratibu.

"Kumbe imesoma," akasema. "Nilidhani ni mchezo, nikakosea, mwalimu unisamehe. Si mchezo. Ni shule tu kama ile ingine. Imesoma mpaka haiwezi kusikia mtu kama mimi." Akamwangalia mwanawe. "Rwamba, twende nyumbani."

Hakupiga kelele sasa. Afadhali angepiga.

Rwamba alisikia joto limepanda kutoka kifuani mpaka kwa macho, na si kwa sababu ya baba, wala ya wale watoto. Ilikuwa ile orodha. Gari haikumkataa mzee. Gari haijui mzee wala mtoto. Ni yeye Rwamba alikaa hapa siku ya tatu, na kidole chake, akalitoa hilo neno duniani, neno la kwao, ndio Saad aache kucheka. Alikuwa ametengeneza kitu cha ajabu kuliko vyote amewahi kugusa, na akakitengeneza kiziwi kwa baba yake.

"Baba, ngoja."

"Nimengoja."

"Dakika moja."

"Hiyo ya kwanza iliisha."

Lakini Rwamba alikuwa tayari kwa laptopu. Akatafuta ule mstari. Hapo penye kulia, akaongeza zile fito mbili zinasimama pamoja, ambazo kwa mashine maana yake ni "ama," halafu akaandika kuria. Kulia ama kuria. Akachomeka waya kwa gari, akabonyeza. Taa zikakimbizana. Mzee alikuwa anatembea kuelekea mlango, bila haraka, akizunguka meza ili asikanyage waya za watoto.

"Sema tena, baba!"

"Nimemaliza kusema."

"Moja tu. Tafadhali."

Mzee akasimama, mgongo umewageukia. "Kuria," akasema, kwa kuchoka.

Gari haikusonga.

Sasa hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Rwamba akaangalia maandishi yake. Yako sawa! Herufi kwa herufi, yako sawa!

"Msee," Saad akanong'ona, akamsukumia simu. "Angalia. Imeandika na K kubwa."

Na kweli. Kuria. Kama jina la mtu.

"Inadhani anaita wale Wakuria, wa kule mpaka wa Tanzania," akasema Saad. "Kwa gari K kubwa na k ndogo si ni watu wawili tofauti?"

Ni watu wawili tofauti. Kathambi alikuwa amewaambia, na hawakuwa wameamini, kwamba hiyo kitu inaweza kuhesabu kasi ya sauti hewani lakini ukiandika herufi kubwa penye ndogo inakuangalia kama mgeni. Rwamba vidole vilikuwa vinateleza jasho.

"Weka zote mbili," akasema Saad. "Kubwa na ndogo. Weka, weka, mzee ameshika mlango!"

Ama. Kuria, na K kubwa. Bonyeza. Taa zikakimbizana, na hazijawahi kwenda polepole hivyo. Saad hakungoja. Alirukia meza, akamfikia mzee mkono wake ukiwa tayari kwa komeo, akamwekea simu mbele ya kifua.

"Mzee wangu, mara ya mwisho. Ikikataa, mimi mwenyewe nakuja kuchuma hiyo kahawa kesho. Haki."

Mzee akamwangalia huyu mtoto wa bucha. Akaangalia simu. Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anajiambia mwenyewe.

"Kuria."

Na kule nyuma, katikati ya sakafu, waya umeshachomolewa, gari ikageuka. Mkono wa kulia. Kamili.

Wanjugu alitoa kelele moja ndogo halafu akajizuia. Mzee Hezekiah akatoa mkono kwa komeo.

"Imenisikia," akasema.

Akarudi. Safari hii hakuzunguka meza, waya zikapisha zenyewe, watoto wakizivuta haraka. Akasimama juu ya gari. "Kuria." Ikageuka. "Kuria." Ikageuka. Aliisema mara nne, mpaka gari ikazunguka ikarudi pale ilianzia, ikimwangalia na yale macho yake ya bati.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiambia kuria na kulia ni kitu moja," akasema Rwamba.

"Na ikakubali?"

"Ikakubali."

"Bila kubishana?"

"Haijui kubishana, baba."

Mzee akakaa kwa kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni. "Mimi mwalimu wangu alinichapa miaka mitano juu ya hiyo herufi," akasema. "Miaka mitano. Sikuiweza, na yeye hakuchoka. Na wewe umefundisha chuma kwa dakika mbili." Akatikisa kichwa. Halafu akainua mkono wake wa kulia, ule mweusi wa utomvu wa kahawa, akauangalia. "Na makosa ilikuwa wapi? Kuria si ni kukula? Na si mkono wa kukula ndio huu?"

Hapo Saad, aliyekuwa anafuta jasho kwa shingo, akauacha mkono hapo hapo.

"Hata kwetu ni huo," akasema polepole. "Ukikula na kushoto, mama anakupiga na mwiko." Akaangalia kiganja chake kama ni kitu ameletewa sasa hivi na posta. "Mkono wa kulia. Ya kulia chakula. Manze! Hiyo neno nimeisema maisha yangu yote na sijawahi kuisikia." Akamgeukia Rwamba. "Buda, na mimi ndio nilikuwa nakucheka."

Rwamba akaangalia gari.

"Na ikisikia Kiembu?" mzee akauliza ghafla.

"Simu haijui Kiembu, baba," akasema Kathambi. "Hata Kimeru. Nimejaribu."

"Si hata kuria haikuwa inajua?" Akainama mbele, akaambia simu ile simama ya Kiembu, "Rungama."

Simu ikafikiria. Ikaandika: Lunga mama. Watoto wakacheka, na safari hii mzee akasomewa, akacheka pia, kicheko cha kukohoa. "Mama gani sasa?"

Lakini Rwamba hakuwa anacheka. "Sema tena."

"Rungama."

Lunga mama.

"Tena."

Lunga mama.

"Inakosea," akasema Rwamba, "lakini inakosea vile vile kila mara." Alikuwa anaongea kama mtu anatembea juu ya mti ulioangukia mto, hatua moja, halafu ingine. "Na ikikosea vile vile kila mara... si basi hiyo makosa ndiyo jina?"

Akaenda kwa laptopu. Kwa ule mstari wa simama, akaongeza ama, akaandika Lunga mama, na L kubwa, na nafasi katikati, vile vile simu ilikuwa imekosea. Mikono haikuteleza sasa. Akachomeka waya, akabonyeza, akauchomoa. Taa zikakimbizana.

"Mbere," akasema mzee, na gari ikaondoka. Ikapita meza ya Wanjugu, ikapita mguu wa kiti, ikashika njia ya ukutani moja kwa moja, na hakuna mtu alipumua.

"Rungama!"

Ikasimama. Kati yake na ukuta ilibaki nafasi ya kidole.

Kathambi akakaa chini, pale sakafuni. Alikuwa amefundisha hii kitu miaka mitatu, Nkubu, Meru, Embu, amewaambia watu mia kadhaa kwamba lugha za nyumbani bado, mngoje, siku moja wakubwa wa kutengeneza simu wataziweka. Akaangalia lile gari. Akavuta simu ya Saad, akaileta mdomoni, na kwa sauti ndogo sana akaiambia neno moja la Kimeru, neno la kwao Nkubu, akasoma upuzi wenye simu iliandika, akasema tena, akasoma tena. Ulikuwa upuzi ule ule. Akafunika uso na mkono. Watoto hawakujua kama analia ama anacheka, na labda hata yeye hakujua.

Mzee alikuwa amesimama tayari. Akapiga gumbuti chini kutoa udongo, akaona ameuacha sakafuni, akausukuma pembeni na mguu.

"Hii masomo inaisha lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo," akasema Rwamba. Halafu, kwa sababu sasa ilikuwa vigumu kuficha kitu: "Na baadaye kuna Nkubu. Januari. Wanachukuliwa wanne."

"Nkubu kufanya nini?"

"Kutengeneza za kazi. Za maji, za vifaranga."

"Za kahawa?"

"Bado."

Lile neno likakaa hapo katikati yao. Mzee akalitafuna.

"Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uko kwa shamba," akasema mwishowe. "Na Jumapili ukitoka kanisa. Hizo siku zingine nitapambana mimi na mama yako, tuanze na ile ya kule chini kwa mto."

"Sawa, baba. Asante."

"Usiniambie asante, ambia mama yako, mgongo ni wake." Akaweka gunia kwa bega. Akampita Saad, akampiga kichwani na kiganja, si kwa nguvu. Akampita mwalimu pale chini, akamwambia asante kwa heshima, na Kathambi akaitikia bila kuinua macho kutoka kwa simu.

Rwamba alibaki kwa magoti yake kando ya ukuta, mkono juu ya gari. Ilikuwa na joto kidogo, vile mnyama mdogo huwa. Mzee Hezekiah akafungua mlango, akageuka akaliangalia lile gari mara moja, kwa muda, kama mtu amekutana na mtu njiani anayejua jina lake. Akatoka. Akavuta mlango nyuma yake pole pole, mpaka ukashika.